Joistiki ya kupima nguvu si ya kila mtu, hilo mngetuambia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua huwa mnatupimia maneno ila safari hii nivumilie, maana jambo lenyewe lina mengi ndani yake na nyie mlilitoa nusu. Nazungumzia ile makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyosema mtu anayerusha ndege kwenye kompyuta nyumbani akitaka kuwa siriasi aachane na joistiki (fimbo ya kuongozea ndege) za springi ahamie kwenye hizi zisizocheza, zinazopima nguvu ya mkono, na kwamba mzazi mwenye kijana anayetaka urubani amnunulie hiyo kwa sababu ndo wanayotumia marubani wa kivita. Mi hapa Majengo, Dodoma, natengeneza mizani ya kidijitali na vikorokoro vingine vya umeme, usiku nikishafunga narusha ndege kwenye X-Plane, programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, kwa hiyo hicho kitu nakijua kwa upande wa fundi na kwa upande wa anayekishika. Ni kizuri, tena kizuri sana, ila ni cha ndege ya aina moja, na ukikinunua kwa sababu mlizozitaja nyie utakuwa umetupa hela.

Tuanze na F-16, ile ndege ya kivita ya Kimarekani, maana ndo mlikoitoa hoja. Ni kweli fimbo yake iko pembeni kulia, sio katikati ya miguu, na ilipoanza ilikuwa haichezi kabisa, rubani anakandamiza kitu kimesimama palepale, kompyuta inasoma amekandamiza kwa nguvu kiasi gani na upande gani halafu yenyewe ndo inaamua mabawa na mkia vifanye nini, maana hakuna kebo ya chuma inayotoka mkononi mwake kwenda nyuma, ni nyaya za umeme tu. Sababu ilikuwa ya maana. Kiti kimelala nyuma nyuzi 30, ndege inaweza kukata kona mpaka mwili wako unakuwa na uzito mara 9 ya kawaida, sasa mkono ukishakuwa mzito hivyo hutaki kuusogeza huku na kule, unaulaza kwenye egemeo unafinya tu. Lakini mlichoacha ni kwamba marubani wenyewe hawakuipenda ilivyokuwa. Fimbo haicheki hailii, hujui kama umefika mwisho au bado, basi unavuta tu unaongeza, na wakati wa kupaa wanainua pua kupita kiasi. Ikabidi fimbo ipewe mchezo kidogo, kama robo inchi hivi. Robo inchi ni nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho lakini mkono wa mtu unaihitaji ili ujue uko wapi.

Na kuna kisa ambacho kila anayetaka kuagiza kifaa hiki angekijua kwanza. Tarehe 20 Januari 1974, kambi ya jeshi la anga ya Edwards kule California, ndege ya majaribio YF-16, iliyokuja kuzaa F-16, ilikuwa ikimbizwe tu kwenye lami, haikupangwa kuruka siku hiyo. Ndani yupo rubani Phil Oestricher. Mwendo ulipopanda ndege ikaanza kulalia upande huu halafu upande huu, yeye anasahihisha na yenyewe inazidi, kombora lililofungwa kwenye ncha ya bawa la kushoto likagusa chini, kibawa cha mkia cha kulia nacho kikakwaruza lami, ndege ikaanza kutoka nje ya njia. Jamaa akaona bora aipaishe kuliko kuiacha ijivunje, akapaa, akazunguka, akatua salama dakika 6 baadaye, wakati ile safari rasmi ya kwanza ya ndege hiyo ilikuja tarehe 2 Februari. Mfumo ulikuwa mwepesi mno kwa mkono wake upande wa kulalia. Huyo ni rubani wa majaribio, kazi yake ni hiyo, sasa wewe wa Ipagala umetoa kifaa kwenye boksi, umekichomeka, hujagusa mpangilio wowote, unategemea nini.

Kinachotokea ni hiki, nimekiona kwenye kifaa cha kiwandani cha jamaa yangu mmoja anayekaa mtaa wa Kisasa, sio cha kusimuliwa. Umenyoosha ndege vizuri, mkono umetulia, unataka kubonyeza kile kitufe cha juu kwa kidole gumba ili ubadilishe kitu kidogo tu. Ukikibonyeza kuelekea mbele pua inashuka. Sio kwa sababu kitufe ndo kimesema ishuke, ni kwa sababu kidole gumba nacho ni nguvu, na kile kifaa hakijui tofauti ya nguvu ya kidole na nguvu ya kiganja, chenyewe kinapima tu jumla ya kinachokisukuma. Joistiki ya springi haina shida hiyo maana springi lazima kwanza uishinde ndo isogee. Dawa ipo, unaweka eneo bubu pale katikati ili migandamizo midogo isihesabiwe, halafu unapindisha mstari wa usikivu ili mwanzo uwe mpole na mwishoni uwe mkali, ila ukizidisha eneo bubu ndege inakuwa mzito wa kusikia na kile ulichokilipia, wepesi, kimeondoka. Utakaa jioni nyingi unabadilisha namba hizo kabla hujakubaliana nacho. Hayo hayakuwemo kwenye makala.

Halafu mmechanganya vitu viwili, na hapa ndo nilishika kichwa. Mliandika kwamba kifaa hiki kinamfanya mtu "asikie" ndege, asikie upepo unavyoipiga na ndege inavyotetemeka ikikaribia kupoteza mwendo. Hapana jamani. Hicho ni kifaa kingine kabisa, chenye mota ndani, ambacho programu inakiambia sasa msukume mtu mkono, sasa mtetemeshe, sasa legeza. Vya namna hiyo viko siku nyingi, Microsoft walikuwa na SideWinder yao yenye mota tangu 1997, na sa hivi wapo wanaotengeneza vikubwa zaidi, MOZA na Brunner kwa mfano. Hiki cha kupima nguvu hakina mota hata moja. Hakikurudishii chochote. Ndege ikiwa imesimama uwanjani Makole na ikiwa inashuka kwa kasi kuelekea mlimani, mkononi ni kilekile, chuma kimya. Mtu akitoa hela yake akitegemea kutetemeshwa atakirudisha kwenye boksi siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwetu, kwa huyo kijana mliyemwandikia. Kijana wa Dodoma anayetaka urubani anaota nini? Anaota Air Tanzania, au Precision, au hizi ndege ndogo za watalii zinazoshuka kwenye viwanja vya vumbi huko mbugani. Haya tuzihesabu. Cessna atakayoanzia shuleni ina usukani unaokwenda na kurudi, umeunganishwa kwa kebo mpaka kwenye mabawa. Caravan vilevile. ATR usukani. Dash 8 Q400, ile yenye mapangaboi inayotupigia kelele hapa mjini ikija na kuondoka, usukani. Boeing 737 MAX usukani. 787 ni ya nyaya za umeme na kompyuta kila mahali lakini Boeing wakabakiza usukani mkubwa mbele ya kila rubani. Iliyobaki ni Airbus A220, ambayo Air Tanzania waliipokea Desemba 2018 wakiwa wa kwanza Afrika, hiyo kweli ina fimbo ya pembeni, ila fimbo yake ina springi na inacheza vizuri tu, unaisogeza unaiona imesogea. Kwa hiyo katika ndege zote nilizotaja hamna hata moja yenye fimbo isiyocheza. Mmemwambia mtoto ajifunze kwa kifaa cha ndege ambayo kwa maisha yake yote huenda asiikaribie.

Na hili si jambo dogo maana mkono unazoea. Chukua kutua tu. Unakuja na Cessna, umepunguza nguvu ya injini, umefika juu kidogo ya lami, sasa unaanza kuvuta usukani taratibu, unavuta, mwendo unaisha, unavuta zaidi, na pale tairi zinapogusa usukani unakuwa karibu na kifua chako. Ile safari ya usukani kutoka mbele kuja kifuani ndo inayokwambia umebakiwa na kiasi gani. Ukifika mwisho unajua umefika. Kwenye kifaa kisichocheza hiyo safari hamna, unachojua ni kwamba mkono unauma zaidi kuliko sekunde iliyopita. Helikopta ndo usiguse kabisa, fimbo ya helikopta kazi yake ni kukaa pale ulipoiweka, na unaipeleka vipande vidogovidogo, sasa kitu ambacho ukikiachia kinarudi sifuri na hakina mahali pa kukaa utarukia nacho wapi.

Ila nisije nikaonekana nakiponda, kwa sababu kuna mahali kinafundisha jambo ambalo springi hailifundishi. Kwenye ndege ndogo ya kweli mwalimu anakwambia usifikirie umbali wa usukani, fikiria mgandamizo, ndege ikitaka kushusha pua unahisi usukani unakuvuta, unaushikilia, halafu unazungusha lile gurudumu dogo la kusawazisha mpaka mkono unabaki hauna kazi. Joistiki ya springi hapo inadanganya, maana ukishasawazisha inabidi uirudishe katikati huku unasawazisha, mikono miwili inapishana, na wanaoanza wote hapo wanapepesuka. Ya kupima nguvu hapo iko karibu na ukweli, unalegeza tu kidogokidogo huku unasawazisha mpaka umeachia kabisa. Nimeirusha hivyo kutoka hapa Dodoma kwenda Singida kwenye X-Plane, hewa ya mchana, na kwa kunyoosha ndege safari ndefu sijaona kitu kinachoifikia. Na kwa mwenye kurusha F-16 kwenye DCS, programu nyingine ya kurusha ndege za kivita, au Falcon BMS, hiyo programu iliyotokana na gemu la mwaka 1998 na mpaka leo watu wanaliboresha, huyo hana mjadala, anunue, hicho ndo kifaa chake, ndege inamjibu mkono kabla hajamaliza kuwaza. Kuna kampuni ya Hispania, RealSimulator, inatengeneza kitako cha namna hiyo ambacho unafunga juu yake mkono wa joistiki uliyonayo, ule wa Thrustmaster Warthog kwa mfano, na unaweza kuchagua unataka kukandamiza kwa nguvu kubwa au ndogo ndo ifike mwisho. Kile kitako cha Warthog chenyewe cha tangu 2010 kinasoma kwa sumaku vizuri tu, shida yake pale katikati kinang'ang'ania, unataka kukisogeza kidogo hakitaki, halafu ghafla kinaruka. Anayetoka huko akaenda kwenye kupima nguvu ataona ametua mzigo.

Sasa jambo ambalo makala nzima haikuligusa hata kwa neno moja, na kwangu ndo kubwa kuliko yote. Meza. Joistiki ya springi unaisogeza kwa nguvu ndogo tu. Hii isiyocheza unaikandamiza kwa nguvu kubwa zaidi, na nguvu yote inapita kwenda kwenye kilichoishikilia, kwa hiyo kama umeiweka juu ya meza ya plastiki au ile meza ya kompyuta ya mbao za kubandika, kinachosogea ni meza. Unavuta kuinua pua, meza inakuja, skrini inatikisika, kikombe cha chai kinamwagika kwenye kibodi. Unaegemeza goti ili kuizuia meza, sasa goti nalo linasukuma. Tena ikisogea meza, kipimo kinapungua, maana kitu kinachokukimbia huwezi kukikandamiza sawasawa, kwa hiyo siku ukiwa umekaa vibaya ndege inakuwa nzito na siku nyingine nyepesi, na utalaumu programu. Huyo jamaa yangu wa Kisasa alienda kwa fundi wa kuchomelea akamkatia chuma cha pembe nne, akakifunga kwa bolti kwenye kiti chenyewe, sio kwenye meza, upande wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, na pembeni yake akaweka kipande cha mbao kilichofungwa sponji cha kulazia mkono. Hapo ndo kifaa kikaanza kuwa kifaa. Kile chuma na kile kipande cha mbao vilimgharimu hela ndogo sana ukilinganisha na kifaa, na bila hivyo kifaa chote kilikuwa hakina maana. Bila egemeo la mkono bega linaanza kuchoka mapema tu na mkono uliochoka unatetemeka, na kila mtetemo unahesabiwa.

Kuhusu kilichomo ndani, hapo niko nyumbani. Mliita "teknolojia ya siri ya kijeshi". Ndugu Mhariri, nenda Kibaigwa siku yoyote ya soko, pale kwenye mahindi, ukafungue ule mzani wa kidijitali wanaopimia magunia, utakuta kipande cha aluminiamu au chuma chenye tundu katikati, wenyewe tunaita lodiseli. Mzigo ukikaa juu kile chuma kinapinda, kidogo mno hata jicho halioni, na juu yake kuna vijikaratasi vyembamba vyenye uzi wa metali vimegundishwa, chuma kikipinda vinavutika na upinzani wake wa umeme unabadilika. Vinafungwa vinne kwa mfumo wa daraja ili badiliko dogo lionekane. Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake, ndo walivigundua mwaka 1938. Kinachotoka ni milivolti chache, ukiipa lodiseli volti 5 ikibebeshwa mzigo wake wote inakupa kama milivolti 10 tu, ndo maana inahitaji kikuza umeme chake kabla kompyuta haijaielewa. Kitako cha joistiki ya kupima nguvu kinafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba kinapima pande mbili, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Siri iko wapi hapo? Mkulima wa Kongwa anapimiwa kwa teknolojia hiyo kila msimu, japo wengine bado wanawatolea lumbesa, ila hiyo ni barua nyingine.

Na kwa kuwa ni kitu hichohicho, kinaumwa magonjwa yaleyale. Joto likipanda sifuri inahama. Hapa kwetu asubuhi ya Julai unavaa sweta na saa 8 mchana bati linawaka, mizani yote inayokuja kwangu na malalamiko kwamba "inaanza na gramu" ni hiyo, unabonyeza kitufe cha sifuri inakaa sawa. Joistiki nayo ukiiwasha kwenye chumba cha baridi ukaanza kucheza, baadaye ndege inaanza kulalia upande mmoja yenyewe taratibu, hujagusa. Inabidi irudishwe sifuri, vya kiwandani vinafanya hivyo vikiwashwa, kwa hiyo usikiwashe huku umekishika. Kingine ni kupitiliza. Mzani wa kilo 30 mtu akiutupia gunia, ile lodiseli inapinda moja kwa moja na hairudi tena, hata Wakala wa Vipimo waje na mawe yao hauwezi kukubalika. Joistiki ni hivyohivyo, na mtu akishtuka, ndege inaelekea chini, anavuta kwa nguvu ambayo hakujua anayo. Vya kiwandani vina kizuizi cha chuma ndani cha kuzuia kipande kisipinde zaidi. Cha kujitengenezea kisipowekewa kizuizi hicho kitakufa siku ya hofu.

Nasema cha kujitengenezea kwa sababu mi ninacho. Lodiseli mbili za kilo 20 za mizani ya dukani, moja nimeisimamisha, nyingine juu yake nimeigeuza nyuzi 90, kila moja inasoma upande wake, juu nikafunga mkono wa joistiki ya mtumba iliyokufa. Vikuza umeme nilitumia HX711, ileile chipu iliyomo kwenye mizani mingi ya bei rahisi, na Arduino Leonardo, bodi ndogo ya umeme unayoiandikia programu mwenyewe, kwa sababu hiyo kompyuta inaiona kama joistiki moja kwa moja bila kuhangaika. Hapo kuna mtego ambao nauweka wazi kwa anayetaka kujaribu: HX711 inakuja imefungwa isome mara 10 kwa sekunde, na kila ukibadilisha mzigo inahitaji karibu nusu sekunde kutulia. Kwa mahindi sawa, gunia halikimbii. Kwa ndege hapana, umesukuma na ndege inakuja kukusikia baadaye, unasahihisha ulichosahihisha, unaanza kuyumba kama yule rubani wa Edwards. Kuna mguu mmoja wa ile chipu unaitwa RATE, umegundishwa kwenye upande wa hasi, ukiunyanyua ukaupeleka kwenye umeme inasoma mara 80 kwa sekunde, inachafuka kidogo na kutulia kwake kunashuka mpaka kama sekunde moja ya ishirini. Inarushika. Haijafikia ya kiwandani, nakubali, ila kijana wa mwaka wa pili wa uhandisi pale UDOM anaweza kuifanya likizo moja na akajifunza mengi kuliko kwa kuinunua.

Ndo maana niliumia kuona mnawaambia wazazi wanunue. Kifaa chenyewe ni mamia ya dola, bado mkono wake unauzwa peke yake, bado usafiri, ukifika unakutana na ushuru wa forodha na VAT asilimia 18, na vingi havizunguki kwa kiganja ili kugeuza pua kulia au kushoto, kwa hiyo inabidi ununue na pedali za miguuni, la sivyo ndege ikiwa chini utaizungusha kwa nini. Kijana wa dada yangu alikuja na gazeti lenu limekunjwa mfukoni, tayari ameshapiga hesabu na baba yake anataka kuuza ng'ombe, nikamkalisha nikampa joistiki yangu ya zamani, T.16000M, ya springi, inasoma kwa sumaku kwa hiyo haichakai kama zile za zamani za kusuguana, nikamwambia rusha nayo FlightGear, programu kama X-Plane ila ni bure, haihitaji bando la kila dakika, weka uwanja wetu wa Dodoma, kwa marubani unaitwa HTDO, weka joto la mchana wa Oktoba, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jaza Cessna watu wanne na mafuta yote uone inavyokimbia haipai. Hiyo ndo itamsaidia. Akijua kwa nini haipai, hata huko NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, atakapokwenda atakuwa mbele ya wenzake, na saa za chumbani hata akirusha kwa kifaa cha dhahabu TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, hawatamhesabia hata moja, masaa 40 ya leseni ya kwanza yanatafutwa kwingine.

Ombi langu basi, mkiandika tena muandike ni ya ndege gani, muandike kwamba haina mota, muweke bei ikishafika Dodoma sio bei ya kule inakotoka, na mpige picha ya namna ilivyofungwa kwenye kiti. Hizo nne zinatosha.

Na yule msomaji wa Manyoni aliyeuliza kwenye ukurasa wenu kama sensa za mzani wa bafuni zinafaa: zinafaa kwa pedali, kwa joistiki zitakusumbua. Zile zinakuwa nne, kila moja ina nyaya tatu na ni nusu tu ya daraja, kwa hiyo peke yake haisomeki vizuri, lazima uunganishe mbili mbili, na nyingi ni za kilo 50 kila moja, mkono wako hautazifikia hata robo. Mguu utazifikia. Zifunge chini ya breki, kulia na kushoto, weka mpira mgumu katikati ya pedali na sensa ili mguu uwe na pa kwenda, na hizo za kilo 20 za dukani ukikosa huko Manyoni ulizia mafundi mizani wa Singida, msimu wa alizeti huwa wanabadilisha nyingi na zinazotolewa si zote zimekufa, nyingine ni waya tu umekatwa na panya.

Fundi mizani,
Majengo, Dodoma